Shingo ya baiskeli nyingine kwenye foki ya zamani: pima kwanza, nyundo baadaye

Nianze na aibu yangu mwenyewe ndo mjue naandika haya kwa nini. Nina baiskeli ya babu, Raleigh nyeusi ya breki za waya, imekaa Mikindani miaka na miaka inabeba samaki, na maji ya chumvi yanayochuruzika kwenye tenga hayachagui pa kwenda. Shingo ikaliwa na kutu mpaka ikakatika pale pale inaposhika usukani. Nikaenda kwa jamaa anayeuza vyuma chakavu vya baiskeli, nikachukua shingo ya baiskeli ya mtoto pamoja na usukani wake, bei ya soda mbili tu. Ikaingia kwenye foki, ile miguu miwili inayoshika tairi la mbele, kwa ulaini wa ajabu, nikafurahi, kumbe ule ulaini ndo ugonjwa wenyewe.

Ilikuwa inacheza kidogo nikaizungushia kipande cha tyubu, nikakaza bolti mpaka mishipa ya shingo ikanisimama (shingo yangu mie, siyo ya baiskeli), nikazunguka nayo uwanjani, safi. Siku ya tatu natoka Mtwara mjini nashuka kilima cha kuingia Mikindani, nyuma nina mfuko wa pweza, nakwepa shimo nakata kushoto, mikono imekwenda kushoto na tairi la mbele limenyooka vile vile linakwenda zake. Nilipoamka mchangani pweza wako njiani na mtoto mmoja ananiuliza, "Shikamoo, unauza shilingi ngapi?"

Nikampelekea fundi mmoja mzee wa karibu na sokoni. Akaichomoa ile shingo kwa vidole viwili, hakutumia hata spana, akaniangalia. "Mwanangu, hii iliingia. Haikukaa."

Sasa hiyo ndo habari yote ya kufunga shingo isiyo ya baiskeli yako. Kuingia ni kitu kimoja, kukaa ni kingine. Twende taratibu.

Tuelewane majina kwanza

Shingo ni kile chuma chenye umbo la namba 7, juu kinashika usukani, chini kinazama ndani ya foki. Wengine wanaita stemu. Bomba la foki ni ile sehemu ya foki inayopanda juu kupitia kichwa cha fremu, juu ina uzi na nati za kubana gololi. Ndani ya lile bomba ndo shingo inazama, na mwisho wake chini kuna kabari, chuma kilichokatwa mshazari, kinavutwa na bolti ndefu inayotokea juu. Ukikaza, kabari inapanda na kusukumana na ukuta wa bomba. Nyingine badala ya mshazari zina koni inayotanua mkia wa shingo uliopasuliwa. Kazi ni ile ile.

Baiskeli mpya mpya hizi za milimani hazina mambo hayo, shingo yake inashika bomba la foki kwa NJE kama mkono unavyoshika mpini wa jembe, na bomba halina uzi kabisa. Shingo ya hivyo huwezi kuifunga kwenye foki ya zamani hivi hivi tu, nitaifikia.

Angalizo kwa wenye Phoenix na ndugu zake zenye breki za vyuma, zile fimbo. Nyingi shingo na usukani vimechomelewa pamoja, kitu kimoja, na fimbo za breki zinaning'inia humo humo. Ukitoa shingo umetoa breki. Na usidhani utaweka tu breki za waya za kubana ubavuni, rimu ya breki za fimbo ubavu wake ni wa mviringo, mpira haupati pa kukamata vizuri. Kwa hiyo kwa baiskeli hiyo ushauri wangu ni mfupi: tafuta usukani mzima wa aina ile ile, hazijaadimika, huku kusini hizo baiskeli bado ndo zinabeba korosho na madumu ya maji.

Kuitoa ya zamani

Legeza bolti ya juu, raundi tatu au nne hivi, usiitoe yote. Kichwa chake kitakuwa kimenyanyuka kidogo. Weka kipande cha mbao juu yake, piga nyundo mara moja, kavu. Utasikia "tok" kabari imeshuka. Hapo unabana tairi la mbele kati ya magoti unazungusha usukani huku unavuta juu, inatoka.

Watu wengi wanakosea hapa, wanalegeza bolti wanaanza kupigana na usukani nusu saa bila kugonga, kabari bado imekaba kule chini. Au wanagonga bolti bila mbao, kichwa kinatawanyika kama uyoga, spana haiingii tena.

Ikigoma, na kwa sisi wa pwani itagoma, ni kutu. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu, WD-40 au unachopata, kwa juu pale shingo inapoingia. Halafu fanya kitu ambacho wengi hawafanyi: pindua baiskeli miguu juu, chungulia chini ya foki pale katikati juu ya tairi, mara nyingi kuna tundu linaingia mpaka ndani ya bomba, mwagia na humo. Acha ilale hivyo usiku kucha, asubuhi ongeza, ikibidi siku mbili. Shingo ya chuma ndani ya bomba la chuma itakubali. Shingo ya alumini ni kesi nyingine, alumini na chuma vikikutana na chumvi vinaumana vibaya, na msiipashe moto jamani, alumini inatanuka kuliko chuma kwa hiyo ukiipasha ndani ya bomba unaikaza zaidi. Barafu ndo inasaidia, fungia kitambaa chenye barafu kwenye shingo mpaka ipoe sana ndo uzungushe.

Kupima bila kipimo cha fundi

Kama una vania, kile kipimo cha taya cha kupimia unene, sawa, ruka hapa. Mie sina. Natumia karatasi na rula ya mtoto wa shule, na inatosha.

Kata utepe wa karatasi, zungushia sehemu ya shingo inayozama, weka alama kwa penseli pale karatasi inapokutana na yenyewe, ikunjue upime urefu. Namba za kukariri hizi hapa, nimezipata kwa kuzidisha kipenyo mara 3.14:

Milimita 66 hivi, hiyo shingo ni ya kipenyo 21.1, hizi za baiskeli za watoto na za kuchezea. Hiyo ndo iliyoniangusha mie.
Milimita 70, ni 22.2, ndo ya kawaida kwenye baiskeli nyingi za zamani, za Uingereza, za Japani na kadhalika.
Milimita 80, ni 25.4, ya foki nene zaidi za milimani za zamani kidogo.

Inabaki moja ambayo karatasi haikamati vizuri, 22.0 ya Kifaransa, Peugeot za zamani na wenzake. Hiyo inakuja kama milimita 69, na nusu milimita ya rula ni macho ya imani. Ukiwa na Peugeot ya zamani jua tu ni 22.0 mpaka ithibitike vinginevyo.

Sasa tundu la foki je, maana hulizungushii karatasi. Viringisha karatasi iwe bomba jembamba, iingize ndani ya tundu, iachie, yenyewe itafunguka mpaka iguse ukuta. Chora mstari pale ukingo wa karatasi unapolalia, itoe, kunjua, pima kutoka ukingo mpaka mstari. Ikija 70 basi tundu lako ni la 22.2, ikija 66 ni la 21.1. Rudia mara tatu. Kabla ya kupima safisha ndani kwa kitambaa kwenye kijiti, uchafu wa grisi iliyoganda unaweza kukudanganya.

Tahadhari ya dukani: muuzaji akikwambia "hii ya inchi moja" anaongelea unene wa NJE wa bomba la foki, yaani 25.4. Shingo ya kuzama ndani yake ni 22.2. Watu wanasikia inchi moja wanakwenda kununua shingo yenye mkia wa 25.4 wakifika nyumbani hata kichwa hakiingii.

Sasa, nini kinakubali na nini hakikubali

Ukubwa ule ule, 22.2 kwa 22.2, lakini inagoma kuingia. Usikimbilie nyundo wala usiseme saizi siyo. Papasa mdomo wa bomba kwa kidole, ndani. Mara nyingi mdomo umebonyea kidogo au una kijino cha chuma kimejikunja, kwa kuwa kuna mtu alishawahi kuigonga huko nyuma. Tupa ya mviringo, taratibu, unatoa kile kijino tu. Yule fundi mzee alifanya hivyo dakika tano nikamwona kama mchawi.

22.2 kwenda kwenye tundu la Kifaransa la 22.0. Inakubali, kwa msasa. Unachotakiwa kupunguza ni sehemu moja ya kumi ya milimita kila upande, kidogo mno. Chukua msasa wa kitambaa, kata utepe, zungushia mkia wa shingo uvute kushoto kulia kama mpiga kiwi anavyong'arisha kiatu, kila mara geuza shingo kidogo ili isiliwe upande mmoja. Usisahau na kabari, nayo ina kipenyo chake. Jaribu kila baada ya dakika chache, ikiingia kwa kusukuma kwa mkono wenye grisi, acha hapo. Unachopunguza ni SHINGO. Usithubutu kutanua tundu la foki. Ukuta wa lile bomba la inchi moja ni milimita 1.6 tu, na kule juu uzi umeshakula sehemu yake, ukichonga na ndani unabaki na nini?

21.1 ndani ya tundu la 22.2, yaani ajali yangu. Hapa pengo ni zaidi ya nusu milimita kila upande. Watu wanaweka mpira, wanaweka kitambaa, nimeona hadi mfuko wa rambo. Mpira unabonyea, hauwezi kushikilia kitu kinachotakiwa kisisogee. Bati la kopo la soda nalo ni jembamba, kama sehemu moja ya kumi ya milimita, ungehitaji tabaka tano zimelaliana vizuri ndani ya tundu usiloliona, na kule chini kabari bado ni ndogo inakwenda upande. Wapo wanaofanya na bomba fupi la chuma lililochongwa sawasawa, sawa, kama una mtu wa mashine ya kukereza. Mie nasema rudisha kwa muuza chuma chakavu, chukua ya 22.2. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko bandeji.

22.2 kwenye tundu la 21.1: hapana. Msasa wa zaidi ya nusu milimita kila upande utakuachia shingo nyembamba kama ganda la yai.

Shingo ya kisasa, ile ya kushika kwa nje, kwenye foki ya zamani. Kuna chuma cha katikati kinaitwa adapta, chini kina mkia wa 22.2 na kabari yake, juu kina unene wa 28.6 ambao shingo za kisasa nyingi zinashika. Unazamisha adapta kama shingo ya kawaida, halafu juu unafunga shingo ya kisasa. Inafanya kazi vizuri kabisa. Nilimwagiza mtu Kariakoo akaniletea moja ya kumfungia rafiki yangu. Kagua tu kuwa mkia ni 22.2, maana zipo pia za 25.4.

Usukani nao una saizi zake

Umeshapata shingo ya kukaa kwenye foki, unadhani umemaliza, usukani unapwaya. Hapa ndo watu wanakata tamaa. Pima usukani katikati, pale unaposhikwa, kwa karatasi ile ile. Milimita 75 ni 23.8, Raleigh za zamani za Kiingereza. 80 ni 25.4, ndo nyingi. 82 hivi ni 26.0, usukani wa mbio wa Kitaliano. 100 ni 31.8, mnene wa kisasa.

Kopo la soda ambalo nimelikataa kule kwenye foki, hapa lina kazi, kwa sababu hapa mshiko, yaani ule mdomo wa shingo unaoshika usukani, unabana kuzunguka pande zote na unaona unachofanya. Mfano usukani wa 25.4 kwenye mshiko wa 26.0, pengo ni 0.3 kila upande, tabaka tatu za kopo. Kata bati kwa mkasi, upana sawa na mshiko, urefu milimita 80 kwa kila tabaka, lainisha kona zisikukate, zungushia kwa kubana, miisho yake ielekee pale penye mpasuo wa mshiko. Kaza. Imeisha.

Ila usukani wa 23.8 kwenye mshiko wa 25.4, pengo 0.8 kila upande, huko ni tabaka nane, utakuwa umefunga kitunguu. Tafuta kipande cha bomba chenye ukuta wa unene huo, kipasue kwa urefu, kikae kama kikuku. Au fanya nilivyofanya mie: chukua shingo na usukani kutoka baiskeli moja. Ya kwangu sasa imetoka kwenye baiskeli ya mtumba ya Kijapani, zile za kikapu mbele, shingo 22.2 na usukani wake wa 25.4. Inaonekana kichekesho kidogo kwenye Raleigh, usukani umejikunja kama pembe za ng'ombe, lakini mgongo umeshukuru.

Usukani mnene kuliko mshiko, usiupanue mshiko kwa bisibisi. Mshiko wa alumini uliopanuliwa kwa nguvu unapasuka, siyo leo, siku umebeba mtu.

Kufunga

Paka grisi mkia wote wa shingo, kabari, na uzi wa bolti. Nimeshasikia watu wakisema grisi itafanya iteleze. Haiteleshi, kinachoshika ni mkandamizo wa kabari, na bila grisi mwakani utarudi kule kwenye habari za barafu. Kwa sisi tunaoishi na upepo wa bahari hii siyo hiari.

Zamisha mpaka mstari wa mwisho upotee ndani. Shingo nyingi zina alama imechongwa kuonyesha kiwango cha chini cha kuzama, alama hiyo isionekane kabisa. Kama haina alama, weka sentimita sita na nusu au zaidi ndani. Na hapa kuna jambo ambalo hata mafundi wengine hawalisemi: kabari isikazie pale bomba lilipo na uzi. Pale ukuta ni mwembamba, kabari inalitanua na siku moja linakatika kwenye uzi. Kwa hiyo ukiwa na shingo fupi, chukua kijiti, pima uzi unashuka mpaka wapi, hakikisha kabari inakaa CHINI ya hapo. Upande wa pili usizamishe sana pia, mabomba mengine kule chini yananenepa kwa ndani, shingo itakwama njiani na ukigonga utaiharibu. Ikigota, ipandishe kidogo.

Nyoosha usukani na tairi. Simama mbele, funga jicho moja, halafu nenda nyuma uangalie tena, kila upande una uongo wake. Kaza bolti kwa spana au elikii (ule ufunguo wa pembe sita) ya kawaida, mkono mmoja, usiongeze bomba la kurefusha spana. Ukikaza kupita kiasi bomba la foki linavimba, utaliona kama donge chini ya nati, na foki imeisha.

Kuhusu nati ya juu, kama ya kwako imepotea: Raleigh za zamani nyingi zina uzi wa meno 26 kwa inchi, nyingi nyingine ni 24. Ya 24 itaanza kuingia raundi moja mbili kwenye ya 26 halafu inakaza. Hiyo siyo kutu, usilazimishe, ni uzi tofauti. Ya Kifaransa nayo ni ya milimita, haikubali yoyote kati ya hizo.

Jaribio. Bana tairi la mbele kati ya magoti, shika usukani pembeni kabisa, zungusha kwa nguvu kweli. Isisogee. Halafu lalia usukani kwa uzito wako wote, uusukume chini, usizunguke kwenye mshiko. Halafu shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma, sikiliza kama kuna "klok" kwenye gololi. Ndo unapanda, bila mzigo, mahali tambarare, siyo kwenye kilima kama mie mjinga.

La mwisho nililojifunza kwa yule mzee. Chukua rangi ya kucha, chora kamstari kadogo kanakoanza kwenye shingo kanashuka mpaka kwenye nati ya juu. Shingo ikisogea hata nywele, mstari unakatika na unaona kwa jicho. Mie nilichukua nyekundu ya mke wangu, akanuna siku nzima. Wiki ya kwanza nilikaza tena kidogo, robo raundi. Tangu hapo nimeshabeba pweza, mkaa, na shemeji yangu ambaye siyo mwepesi, na jana jioni niliiangalia pale kwenye taa ya dukani, mstari bado umenyooka.